Panya wa siku nne: homoni za uzazi zinavyochonga sinapsi za ubongo

Panya jike wa maabara ana mzunguko mfupi wa uzazi. Ndani ya siku nne, wakati mwingine tano, yai linapevuka, estrojeni inapanda, yai linatoka, estrojeni inaporomoka, na hesabu inaanza upya. Mwaka 1990, katika Chuo Kikuu cha Rockefeller jijini New York, Catherine Woolley, wakati huo bado mwanafunzi katika maabara ya Bruce McEwen, alishirikiana na wenzake kuhesabu vitu vidogo mno ndani ya ubongo wa panya hao. Walitumia njia ya zamani, ile ya madini ya fedha aliyoibuni Mwitalia Camillo Golgi mwaka 1873. Uzuri wake ni kwamba inapaka weusi seli chache tu kati ya nyingi, lakini ikiipata seli inaipaka yote, kuanzia shina hadi ncha ya kila tawi. Ukikaza jicho kwenye tawi moja chini ya hadubini, unaliona limejaa vijinundu, kama tawi la mlimau lilivyojaa miiba. Tuviite vichomozo.

Woolley na wenzake walilinganisha panya waliokuwa kwenye kilele cha estrojeni na wale waliokuwa wamepita kilele hicho kwa saa 24. Kwenye sehemu moja ya ubongo, idadi ya vichomozo ilikuwa imeshuka kwa takriban asilimia 30.

Asilimia 30 kwa siku moja! Na hawa ni wanyama wazima, wenye afya, ambao hakuna aliyewachoma sindano wala kuwafundisha lolote. Zama hizo wengi waliamini kwamba ubongo wa mnyama mzima umeshasukwa ukamalizika, na kilichobaki ni kukazwa hapa na kulegezwa pale. Kumbe ulikuwa unafumuliwa na kufumwa upya kila baada ya siku chache.

Kwetu neno "homoni" limegeuka kuwa namna ya kumnyamazisha mtu. Mwanamke akipandisha sauti kwenye kikao, mmoja ananong'ona, "Leo homoni." Mwanamume akipandisha sauti hiyo hiyo, huyo ni bosi. Nimelisikia mara nyingi mno, na ndilo lililonifanya nianze kusoma habari hizi. Nilichokikuta hakifanani hata kidogo na utani wa ofisini.

Tuanze na sinapsi yenyewe. Seli mbili za ubongo zinapozungumza hazigusani. Kati yao kuna mwanya wa takriban nanomita 20, mwembamba kuliko unywele mara maelfu. Umeme ukifika mwisho wa seli ya kwanza hauwezi kuruka, kwa hiyo ujumbe unashushwa na kuvushwa kwa kemikali. Fikiria Magogoni na Kigamboni: barabara inaishia majini, abiria wanapanda pantoni (feri, ukiwa Likoni), na ng'ambo ya pili wanashukia gatini na kuendelea na safari. Kile kichomozo cha Woolley ndicho gati la ng'ambo. Kwenye seli moja ya piramidi (iitwayo hivyo kwa umbo lake) iliyo katika CA1, lile eneo la ubongo wa panya ambako Woolley alihesabu, kuna magati kama 30,000.

CA1 ni sehemu ya hipokampasi, kiungo kilichopinda ambacho wataalamu wa kale walikiita hivyo kwa kuwa kiliwakumbusha farasi bahari. Bila hicho, mtu hawezi kutunza kumbukumbu mpya za mambo yaliyompata wala za njia alizopita. Ndipo pia mahali ambapo mwaka 1973 Timothy Bliss na Terje Lømo walieleza jambo walilokuwa wameliona jijini Oslo. Walipeleka mkupuo mkali wa umeme kwenye njia moja ya hipokampasi ya sungura, kisha wakapeleka ujumbe mdogo wa kawaida. Seli zilizopokea zilijibu kwa nguvu kuliko mwanzo, na ziliendelea kujibu hivyo kwa saa nyingi. Kivuko kilikuwa kimepanuliwa kwa sababu ya kutumika. Tabia hiyo ya sinapsi kuimarika au kudhoofika kulingana na matumizi ndiyo unyumbufu wa sinapsi, na hadi leo ndiyo maelezo bora tuliyo nayo ya jinsi ubongo unavyojifunza.

Kuna mlango mmoja tunaopaswa kuufahamu, maana habari yote inapitia hapo. Kemikali inayovuka kwenye sinapsi hizi ni glutamati, na gatini inapokewa na vipokezi vya aina mbili. Aina ya kwanza, AMPA, ni wepesi: glutamati ikigusa tu, wanafungua. Aina ya pili, NMDA, mlango wake umezibwa kwa ndani na chembe ya magnesiamu, kama komeo. Glutamati peke yake haiwezi kuiondoa. Lazima seli inayopokea iwe tayari imesisimka, ndipo komeo linasukumwa nje na kalsiamu inaingia. Kalsiamu ndiyo fundi mkuu anayeamuru ukarabati: ongeza vipokezi vya AMPA, nenepesha kichomozo, imarisha nguzo. Kwa maneno mengine, NMDA hufunguka pale tu pande mbili zinapoamka pamoja, na hapo ndipo seli inapopata la kukumbuka.

Sasa ilete estradioli, ambayo ndiyo estrojeni kuu. Inaongezaje magati?

Jibu la haraka lingekuwa kwamba inaingia ndani ya seli ya piramidi, inakwenda kwenye kiini, inawasha jeni, na vichomozo vinachipua. Homoni za jamii hii zinafahamika kwa kazi ya namna hiyo. Tatizo ni kwamba watafiti walipovitafuta vipokezi vya estrojeni kwa njia zilizokuwepo wakati ule, hawakuvikuta kwenye viini vya seli zinazobadilika. Walivikuta kwa majirani, seli ndogo ndogo zilizotawanyika katikati ya zile za piramidi, ambazo kazi yake ni kutoa GABA. Na GABA ni breki.

Mwaka 1994 Woolley na McEwen walionyesha kwamba ukiziba vipokezi vya NMDA, estradioli haiongezi vichomozo hata uipe kwa wingi. Katika miaka hiyo hiyo Diane Murphy na Menahem Segal wa Taasisi ya Weizmann, Israel, waliotesha seli za hipokampasi kwenye sahani za maabara na kuona kwamba estradioli huzifanya zile seli jirani zitengeneze GABA kidogo. Unganisha vipande: homoni haimsukumi dereva, inamlegeza aliyekanyaga breki. Breki ikilegea, seli ya piramidi inasisimka zaidi, komeo la NMDA linatoka, kalsiamu inaingia, vichomozo vinaota. Mimi huipenda sehemu hii kuliko zote, kwa sababu aliyebadilika na aliyepokea ujumbe ni wawili tofauti. Ukimtazama aliyebadilika peke yake hutaelewa kamwe.

Vichomozo hivyo vipya vinaungana na nani? Mwaka 2001 kundi la Woolley, sasa akiwa Chuo Kikuu cha Northwestern, lilitazama kwa hadubini ya elektroni na kukuta kwamba havisubiri barabara mpya zijengwe. Kichomozo kipya kinanyoosha shingo hadi kwenye kituo ambacho tayari kinapeleka ujumbe kwa seli nyingine, nacho kinaomba kuhudumiwa hapo hapo. Pantoni ya Magogoni iliyokuwa ikienda gati moja sasa inapeleka magati mawili, la pili likiwa la jirani. Seli ambazo hazikuwa na msemaji mmoja sasa zinasikia sauti ile ile. Magati haya mapya yanaipa seli usikivu mkubwa zaidi kwa ujumbe unaopitia NMDA, na kwenye vipande vya hipokampasi vilivyowekwa estradioli uimarikaji ule wa Bliss na Lømo unapatikana kwa kiwango kikubwa zaidi.

Hiyo ndiyo njia ya polepole, inayochukua siku moja hadi tatu. Ipo na ya haraka. Njia bora za upigaji picha zilipopatikana, vipokezi vya estrojeni vilionekana pia nje ya kiini, vimekaa kwenye vichomozo vyenyewe na kwenye ncha za seli zinazotuma. Estradioli ikivigusa, ndani ya dakika chache mambo yanabadilika bila jeni yoyote kuwashwa. Ndani ya kila kichomozo mna nyuzi za protini iitwayo aktini, ambazo ndizo boriti zake. Nyuzi hizo hukatwa-katwa na protini nyingine, kofilini, kama mchwa kwenye mbao. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Irvine, walionyesha kwamba estradioli huwasha mnyororo wa ishara unaoishia kumfunga mdomo kofilini. Boriti zinarefuka, sinapsi inaimarika. Homoni tuliyozoea kuiona kama kalenda ya mwezi, kumbe inafanya kazi pia kwa saa ya dakika.

Hapo kuna swali ambalo msomaji makini ameshaliuliza. Ovari hazitoi estrojeni kwa dakika. Kiwango katika damu hupanda na kushuka kwa saa na siku. Njia ya dakika ina faida gani?

Faida ipo kwa sababu ubongo una kiwanda chake. Kimeng'enya kiitwacho aromatasi hugeuza testosteroni kuwa estradioli, nacho hakiko kwenye ovari tu. Kimo ndani ya seli za neva, mpaka kwenye ncha zake, na kimo kwa majike na madume. Seli ya hipokampasi inaweza kutengeneza estradioli yake, ikaitumia papo hapo, bila kuiuliza ovari wala korodani. Mwaka 2019 kundi la Darrell Brann nchini Marekani lilichapisha habari za panya wa aina ndogo waliofutiwa jeni ya aromatasi kwenye seli za neva za ubongo wa mbele tu. Ovari zao zilikuwa nzima. Hata hivyo majike na madume walipungukiwa na vichomozo, sinapsi zao hazikuimarika ipasavyo, na kumbukumbu zao zililegea. Walipopewa estradioli, walirudia hali.

Kwa hiyo yule bosi wa kikaoni naye ana estrojeni kichwani, na bila hiyo pengine asingekumbuka ajenda.

Testosteroni nayo ina mkono wake. Kuna ndege ambao Waswahili tumewafanya mfano wa mtu mwenye maneno mengi: chiriku. Kwa jamaa zao, wale kanari wafugwao vizimbani, waimbaji hasa ni madume. Fernando Nottebohm, pale pale Rockefeller, aliwapa majike wazima testosteroni nao wakaanza kuimba nyimbo za madume. Mwaka 1981 yeye na Timothy DeVoogd walionyesha kwamba kwenye eneo moja la ubongo linaloongoza uimbaji, matawi ya seli za majike hao yalikuwa yamerefuka. Ni miaka tisa kabla ya panya wa Woolley, na nadhani ugunduzi huo ungestahili kusimuliwa zaidi ya unavyosimuliwa.

Kwa panya dume, ukiondoa korodani, sinapsi za vichomozo vya CA1 hupungua sana. Csaba Leranth na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yale walijaribu kuzirudisha. Testosteroni ilizirudisha. Dihidrotestosteroni, aina ambayo aromatasi haiwezi kuigeuza kuwa estrojeni, nayo ilizirudisha. Estradioli waliyopewa kwa kipimo kinachotosha majike haikufanya kitu. Jengo lile lile, mafundi tofauti.

Sijaigusa projesteroni, homoni nyingine ya ovari, na ndiyo yenye tabia ya ajabu kuliko zote. Panya aliyekwisha kupewa estradioli akiongezewa projesteroni, kwa saa mbili hadi sita za kwanza vichomozo huzidi kuongezeka. Kisha upepo unageuka, vinaporomoka haraka kuliko vingeporomoka kwa kuondolewa estradioli peke yake. Ukiziba kipokezi cha projesteroni, mporomoko ule wa asilimia 30 wa kila mzunguko hautokei. Basi anayebomoa magati usiku ule si kutokuwepo kwa estrojeni. Ni fundi mwingine aliyeitwa kwa kazi hiyo.

Projesteroni ina mtoto pia. Ubongo huigeuza kuwa aloprejinanoloni, ambayo hukaa kwenye kipokezi cha GABA na kuizidishia nguvu, karibu kama zinavyofanya dawa za usingizi. Hapa maabara inakutana na wodi. Wapo wanawake wenye kifafa ambao degedege zao hurundikana siku za kuelekea hedhi na za mwanzo wake, wakati projesteroni inaanguka na breki inaondoka nayo. Daktari Mwingereza William Gowers alishaandika juu ya uhusiano wa hedhi na kifafa mwaka 1881. Kwa panya jike ilionekana tangu mwaka 1968 kwamba hipokampasi hushikwa na degedege kwa umeme mdogo zaidi siku ile estrojeni iko juu. Kama wewe au dada yako mna kifafa na hamjawahi kuandika tarehe za degedege pembeni ya tarehe za hedhi, daftari hilo linafaa kwenda nalo kliniki.

Baada ya kujifungua, projesteroni na mtoto wake huporomoka kwa siku chache kutoka kilele ambacho mwili haukifikii wakati mwingine wowote. Kwa baadhi ya akina mama, hilo linahusishwa na sonona ya uzazi. Mwaka 2019 Marekani iliidhinisha dawa ya kwanza mahususi kwa sonona hiyo, breksanoloni, ambayo si kitu kingine ila aloprejinanoloni yenyewe iliyokuwa ikidondoshwa mshipani kwa saa 60. Mwaka 2023 kikafuata kidonge cha jamii hiyo, zuranoloni, kinachomezwa kwa siku 14. Ni moja ya mara chache ambazo safari ya kutoka sinapsi ya panya hadi kitanda cha mzazi imefika mwisho.

Sasa niseme linalowakera wauzaji wa vidonge vya "kusawazisha homoni". Vichomozo vingi si akili nyingi.

Ungedhani panya aliye kwenye kilele cha estrojeni angekuwa bingwa wa kutafuta njia. Mwaka 1997 Susan Warren na Janice Juraska waliwapima kwa beseni la maji, ambamo panya huogelea kutafuta jukwaa lililozama. Jukwaa lilipotakiwa kutafutwa kwa kukumbuka mahali lilipo, majike wa kilele cha estrojeni walifanya vibaya kuliko wale ambao vichomozo vyao vilikuwa vimeshuka. Lilipowekewa alama ya kuonekana, wakawa wazuri. Watafiti wengine wakatumia njia panda yenye chakula badala ya beseni, wakakuta panya wa kilele wanapenda kutumia kumbukumbu ya mahali, na wale wa mshuko wanategemea mazoea ya "geuka kulia". Matokeo yanapishana, na mazingira yana sehemu yake: kutupwa majini si sawa na kutafuta kipande cha nafaka mahali pakavu. Ninavyosoma mimi, homoni hapa inabadilisha namna panya anavyolikabili tatizo, na namna hiyo inaweza kumfaa au kumponza kutegemea tatizo lenyewe.

Kwa binadamu tahadhari iwe kubwa zaidi. Kichomozo kina ukubwa wa mikromita moja hivi. Mashine ya MRI huona vipande vya milimita. Hakuna mtu aliye hai ambaye vichomozo vyake vya hipokampasi vimehesabiwa asubuhi na jioni. Tunachopata ni vivuli vya mambo. Laura Pritschet, wakati huo mtafiti wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, aliingia mwenyewe kwenye mashine siku 30 mfululizo, akitolewa damu kila siku. Picha zake zilionyesha mawasiliano kati ya maeneo ya ubongo yakipanda na kushuka pamoja na estradioli, na ujazo wa baadhi ya sehemu za hipokampasi na jirani zake ukifuata projesteroni. Mwaka 2024 ukatoka utafiti mwingine wa aina hiyo: mwanasayansi Elizabeth Chrastil alipigwa picha mara 26, tangu kabla ya kupata mimba hadi miaka miwili baada ya kujifungua. Maada ya kijivu, ile sehemu yenye miili ya seli za neva, ilipungua karibu ubongo mzima mimba ilivyoendelea kukua. Kupungua huko si lazima kuwe kuharibika. Vijana wanapobalehe nao hupunguza sinapsi kwa wingi, wala hatusemi wanapungukiwa na akili. Tukumbuke tu kwamba hao ni watu wawili.

Na kwenye mitihani? Uchambuzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2025, uliojumlisha tafiti zaidi ya 100 za wanawake na mzunguko wa hedhi, haukukuta ushahidi thabiti kwamba uwezo wa kufikiri hupanda au kushuka kwa siku za mwezi. Ubongo unaojijenga upya chini kwa chini unaweza kabisa kutoa kazi ile ile juu. Sokoni wachuuzi hubadilishana vizimba, na mteja anapata nyanya zake vile vile.

Pale ambapo watu waliruka kutoka kwenye vichomozo hadi kwenye tiba, waliangukia pua. Miaka ya 1990 kila dalili ilionyesha kwamba estrojeni ingelinda kumbukumbu za wanawake waliokoma hedhi. Jaribio kubwa la Marekani likawapa wanawake 4,532 wenye miaka 65 na zaidi ama kidonge cha homoni ama kidonge kisicho na kitu. Mwaka 2003 matokeo yakatoka: waliopata ugonjwa wa kusahau walikuwa 40 upande wa homoni na 21 upande wa pili. Mara mbili. Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni wakati: wengi wa wanawake hao walikuwa wamekaa miaka mingi bila homoni, na ubongo uliokaa hivyo hauipokei kama ule ulioizoea. Majaribio ya baadaye kwa wanawake waliotoka tu kukoma hedhi hayakukuta madhara hayo kwa kumbukumbu, wala hayakukuta faida.

Lakini kuna jambo jingine ndani ya kile kidonge, nalo linatugusa. Hakikuwa na estradioli na projesteroni za mwili. Kilikuwa na estrojeni zilizotokana na mkojo wa farasi wenye mimba, na medroksiprojesteroni, kemikali ya maabara inayoiga projesteroni. Ndiyo hiyo iliyomo kwenye sindano ya miezi mitatu ambayo mamilioni ya wanawake wa Afrika Mashariki wanaijua kutoka kliniki. Tumbo la uzazi huzichukulia mbili hizi karibu kama kitu kimoja. Ubongo hauzioni hivyo, kwani medroksiprojesteroni haigeuzwi kuwa aloprejinanoloni. Tafadhali usichukue takwimu za wanawake wa miaka 65 ukamtishia binti wa miaka 25 anayepanga uzazi. Umri ni mwingine, dawa imetolewa kwa njia nyingine na bila ile estrojeni ya farasi. Ila ni haki kuuliza kwa nini sinapsi za watumiaji wa sindano hiyo zimechunguzwa kidogo kiasi hiki, ilhali za panya wa New York zinajulikana hadi boriti zake.

Sehemu ya jibu ni aibu ya fani yenyewe. Kwa miongo mingi maabara za ubongo zilitumia madume peke yao, kwa hoja kwamba mizunguko ya majike "inavuruga data". Annaliese Beery na Irving Zucker walipohesabu mwaka 2011, walikuta kwamba katika sayansi ya neva, tafiti za madume tu zilizidi za majike tu kwa zaidi ya mara tano. Mwaka 2014 ukaja uchambuzi wa makala 293 za panya wa ile aina ndogo: majike, hata bila kufuatilia mzunguko wao, hawakuwa na matokeo yanayoyumba kuliko madume. Mwaka 2016 taasisi za taifa za afya za Marekani zikaanza kudai kwamba anayeomba fedha aeleze jinsia zote mbili zitazingatiwaje.

Woolley hakuiacha kazi hiyo. Mwaka 2019 maabara yake ilichukua vipande vya hipokampasi vya panya wa jinsia zote mbili na kuviimarisha sinapsi kwa umeme, ule mtindo wa Oslo. Juu juu havikutofautiana: jike na dume waliimarika kwa kiasi kile kile. Kisha wakaziba kimeng'enya kimoja cha kupitisha ishara, PKA. Kwa madume sinapsi ziliendelea kuimarika kama kwamba hakuna kilichofanyika. Kwa majike hazikuimarika.